Kwenda Kuwaona Mbuni wa Mbuga ya Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapowapeleka watu mbugani, maswali huwa ni yale yale, mengine tukiwa bado kwenye foleni ya geti. Haya hapa, pamoja na machache ya ajabu yaliyonilazimu kwenda kuuliza wanaojua kuliko mimi.

## Mambo ya kwanza

Mbuni ni ndege kweli? Mbona haruki?

Ni ndege kamili: ana manyoya, ana mdomo, anataga mayai. Kuruka ndiko kulikomshinda. Dume mzima anaweza kufikia uzito wa kilo 150 na kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu, na hakuna bawa la kuinua mzigo huo. Ukimchuna kuku utaona mfupa wa kidari una ukingo uliosimama kama upanga. Hapo ndipo misuli ya kurukia hujishikiza. Kidari cha mbuni ni bapa na hakina ukingo huo, kwa hiyo hata angepungua uzito asingepaa.

Mabawa yake bado yana kazi. Humsaidia kukata kona akiwa mbioni, humfanyia kivuli juu ya mayai na vifaranga, na kwa dume ndiyo mavazi ya posa (tazama "Kwa nini dume yule alipiga magoti?" hapo chini).

Kuna ndege mwingine Kenya asiyeruka?

Hakuna. Wanaotembea kutwa ni wengi, na hao ndio huwachanganya wageni. Kanga hukimbia kwanza na kuruka baadaye, lakini jioni utamkuta mtini. Karani tamba, yule mwenye miguu mirefu na kalamu kisogoni, huzunguka nyikani siku nzima akiwinda nyoka na panzi, kisha hupaa vizuri tu. Tandawala mkubwa ni mmoja wa ndege wazito zaidi duniani wanaoweza kuruka, na akipaa unamwonea huruma. Wote watatu wapo Mbuga ya Nairobi, kwa hiyo usiandike "mbuni mdogo" kwenye daftari lako kabla hujatazama mara mbili.

Kwa nini Mbuga ya Nairobi na si Maasai Mara?

Kwa sababu iko hapa. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 7, na unaweza kuingia alfajiri ukawa umerudi kazini saa nne. Ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu. Udogo huo una faida: nyika ya nyasi fupi, ambayo ndiyo mbuni huipenda, unaipita yote kwa asubuhi moja. Na kuna ile picha isiyopatikana kwingine, shingo ya mbuni na nyuma yake maghorofa ya Upper Hill.

Nina sababu nyingine pia. Watu wakifika Mara huwa wamelipia simba na wana haraka. Hapa mtu anaweza kusimama dakika 20 mbele ya ndege mmoja bila kuhisi pesa zinapotea.

Mbuni huyu na mbuni wa kahawa ni neno moja?

Yanaandikwa sawa. Mbuni ni ndege, mbuni ni mti wa buni, na mbuni ni mtu aliyebuni kitu. Wingi ndio hufichua: wabuni ni watu, mibuni ni miti, na ndege wanabaki mbuni hata wakiwa mia. Watoto wa shule huniuliza hili kuliko swali lolote lingine, na nadhani ni walimu wao huwatuma.

## Kufika na kuingia

Nisipokuwa na gari nitafikaje?

Matatu za Rongai, namba 125 na 126, hupita mbele ya geti kuu kwenye Barabara ya Langata. Mwambie konda mapema kwamba unashuka "geti ya KWS", yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya. Lakini kufika getini si kuingia: ndani hutembei kwa miguu, na bodaboda haziruhusiwi. Kwa hiyo mkusanyike watu wanne au watano mgawane gharama ya teksi au gari la kukodi kwa nusu siku, na mkubaliane bei na saa za kusubiri kabla ya kuondoka. Dereva wa teksi asiyeijua mbuga ataanza kutazama saa mkishakaa mbele ya mnyama mmoja kwa dakika tano.

Gari dogo linatosha?

Kiangazi linatosha kwenye njia nyingi. Masika ni habari nyingine. Udongo wa nyika ile ni mweusi, unanata, na ukilowa gari dogo linageuka mtumbwi. Baada ya mvua kubwa kaa kwenye njia kuu zilizomwagwa changarawe, au nenda na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi mwenyewe nilikwama saa tatu mwezi wa Aprili, nikitazamwa na kongoni wawili.

Kiingilio ni kiasi gani?

Viwango hubadilishwa na hutofautiana kwa raia, wakazi, wageni, watoto na wanafunzi. Tazama tovuti ya KWS au eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni, siku unayopanga safari, wala usitegemee bei uliyoambiwa na jirani. Pesa taslimu hazipokelewi, na malipo hufanywa kupitia eCitizen. Lipia nyumbani. Foleni ya watu wanaotafuta mtandao getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo inayokula muda mzuri wa siku. Beba kitambulisho, kwani bila hicho huwezi kuthibitisha kwamba unastahili bei ya raia.

Nibebe nini?

Darubini, hata ya bei rahisi. Kofia, sweta la asubuhi, na maji katika chupa ya kutumiwa tena, kwa sababu plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Chakula kitaliwa kwenye sehemu za mapumziko kama Impala au pale pembe za ndovu zilipochomwa mwaka 1989, na ukifika hapo chunga tumbili. Hawaombi.

## Kuwatafuta

Ni sehemu gani ya mbuga nina uhakika wa kuwaona?

Uhakika hakuna, ila uwezekano ni mkubwa mno. Achana na msitu wa upande wa magharibi, karibu na geti kuu, ambako wageni wengi huanza na kukawia. Mbuni hutegemea macho na miguu. Msituni vyote viwili havimfai. Shuka hadi nyika ya katikati, kisha elekea mashariki na kusini penye nyasi fupi. Anayeingia kwa geti la mashariki, upande wa Barabara ya Mombasa, huwa karibu zaidi na nyika hiyo.

Mtafute penye pundamilia na kongoni. Wanyama hao hula wameinamisha vichwa, na mbuni ana jicho lenye upana wa kama sentimita 5, kubwa kuliko la mnyama yeyote wa nchi kavu, lililowekwa juu ya nguzo ya mita mbili. Kundi zima hufaidi mlinzi huyo. Na wewe pia: shingo zote zikigeukia upande mmoja, geuza darubini huko huko kabla hujafanya jambo lingine.

Saa ngapi ni nzuri?

Saa kumi na mbili asubuhi geti linapofunguliwa, kwa ajili ya mwanga. Kwa ajili ya mbuni mwenyewe, saa yoyote. Simba akishalala saa tatu huwezi kumwamsha, lakini mbuni hutembea na kudonoa mchana kutwa. Saa sita juani utamwona ameachama, amenyanyua mabawa mbali na mapaja yaliyo wazi ili upepo umpoze. Hilo si la kuona asubuhi. Kwa wapiga picha, mvuke wa joto mchana huifanya shingo ionekane kama inayeyuka, na hakuna kamera inayotibu ugonjwa huo.

Nitajuaje dume na jike?

Dume ni mweusi, na ncha za mabawa na mkia ni nyeupe. Jike ni wa rangi ya vumbi, kijivu na hudhurungi. Wa Nairobi ni mbuni wa Kimasai, kwa hiyo dume ana shingo na miguu ya waridi ambayo hukolea hadi wekundu msimu wa kupandana unapofika. Tahadhari moja: dume ambaye bado ni kijana huvaa rangi za mama yake. Ukiona "majike" matano pamoja bila dume, usiwe na haraka ya kuandika.

Tumemwona mmoja tukaendelea kumtafuta simba. Tumekosa nini?

Mmekosa karibu kila kitu kilichoandikwa katika sehemu inayofuata. Zimeni injini. Kaeni kimya dakika 20. Dakika tano za kwanza mbuni anawatazama ninyi; baada ya hapo anarudi kwenye shughuli zake, na shughuli hizo ndizo zilizowaleta.

## Anachofanya

Kwa nini dume yule alipiga magoti na kuyumba kama mlevi?

Alikuwa anaposa. Hujishusha chini, hufungua bawa moja kisha jingine kwa zamu, na shingo huipigapiga mbavuni kulia na kushoto. Weupe wa mabawa hayo juu ya mwili mweusi huonekana mbali mno nyikani. Jike akivutiwa huinamisha kichwa, hushusha mabawa na kuyatetemesha. Asipovutiwa huendelea kula, na ni vigumu kutomhurumia dume anaponyanyuka na kujikung'uta vumbi.

Nilisikia simba lakini hatukumwona. Alikuwa wapi?

Huenda hukusikia simba. Dume la mbuni hujaza hewa shingoni na kutoa mlio mzito wa mafungu, unaosafiri mbali, na ukichanganyika na upepo unafanana sana na ngurumo ya simba aliye mbali. Niliwahi kuwanyamazisha watu tisa garini, nikawaeleza kwa kirefu habari za simba huyo, kisha dume akatokea nyuma ya mwinuko shingo imevimba.

Huzika kichwa mchangani?

Hapana, ingawa wahariri wa magazeti wanampenda sana mbuni huyo kila serikali inapokataa kuona jambo. Mambo mawili huwadanganya watu. Anapoatamia na hatari ikakaribia, hulaza shingo juu ya ardhi, na ukiwa mbali unaona kichuguu tu. Pia huingiza kichwa kiotani mara kwa mara kuyageuza mayai kwa mdomo.

Anakula nini? Nilimwona akimeza mawe.

Ulimwona sawasawa. Chakula chake ni majani, mbegu, maua, na mdudu akipita karibu. Meno hana, kwa hiyo humeza changarawe ikae kwenye firigisi imsagie, kama afanyavyo kuku wa nyumbani. Maji mengi huyapata katika majani, ndiyo maana utamkuta mbali na mabwawa wakati pundamilia wamejipanga kunywa.

Anakimbia kasi gani?

Hufikia kilomita 70 kwa saa. Hakuna ndege mwingine mwenye vidole viwili tu mguuni, na kidole kikubwa kina ukucha unaofanya kazi ya njumu.

## Kiota, mayai na vifaranga

Kiota kinafananaje na kinaonekana lini?

Ni kishimo kipana kilichoparurwa na dume katika udongo mtupu. Mara nyingi huwa ni miezi mikavu, mvua za masika zikishapita. Usikitafute. Ukikutana nacho kando ya njia, pita. Ukimsimamishia gari anayeatamia kwa muda mrefu anaweza kuondoka, na macho mengine yanamsubiri aondoke.

Nimehesabu mayai zaidi ya ishirini. Jike mmoja anataga yote hayo?

Hapana, na hapa ndipo mbuni anaponishangaza kuliko ndege yeyote ninayemjua. Kiota ni cha dume na jike mkuu. Majike wengine huja, hutaga humo na kwenda zao. Jike mkuu huwaachia, kisha yeye na dume ndio wanaoatamia.

Ukarimu? Brian Bertram, aliyewachunguza mbuni wa Tsavo Magharibi miaka ya 1970, aligundua kwamba jike mkuu huyatambua mayai yake mwenyewe. Mwili wake hufunika takriban mayai 20. Kiota kikijaa kupita kiasi, huyasukuma mengine nje kuwa duara la mayai yanayopoa juani, na yaliyosukumwa karibu yote si yake. Hata yale ya wengine yaliyobaki ndani yana faida kwake: mbweha au fisi akifika na kuchukua mawili matatu, kuna nafasi nzuri kwamba ameiba ya jirani. Wale majike wengine nao wamepata chao, kwa kuwa yai moja likiangua, wamepata mtoto bila kukesha.

Nani huatamia?

Wote wawili, kwa zamu ya rangi. Jike wa rangi ya vumbi hulala juu ya mayai mchana, na dume mweusi hushika zamu ya usiku. Kazi hiyo huchukua kama wiki sita. Ukitaka kuona wakipokezana, jioni kabla geti halijafungwa saa kumi na mbili, au asubuhi mara tu lifunguliwapo, ndiyo nafasi yako, ikiwa umepata kiota kinachoonekana kutoka njiani.

Yai moja ni kubwa kiasi gani, na nani anaweza kulivunja?

Lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, sawa na mayai ya kuku kama 24, na ganda lake ni nene kama milimita 2. Fisi hulivunja kwa meno. Kuna tai mmoja mweupe mwenye uso wa njano, tai wa Misri, ambaye mdomo wake haufui dafu. Huokota jiwe, husimama wima na kulitupa juu ya yai hadi lipasuke. Jane Goodall na Hugo van Lawick waliitangaza habari hiyo kwa wanasayansi mwaka 1966 baada ya kuishuhudia Tanzania. Leo tai huyo yumo hatarini kutoweka, na kumwona akirusha jiwe ni bahati ya mara moja maishani.

Dume mmoja alikuwa na vifaranga wa ukubwa tofauti. Inawezekana?

Inawezekana sana. Familia mbili zikikutana, wazazi hugombana, na washindi huondoka na watoto wote. Wengine huona ni wizi wa ajabu, lakini hesabu ni ile ile ya mayai: ukiwa na watoto wako katikati ya kundi kubwa, duma akija huenda akamchukua wa mwenzio. Vifaranga wenyewe wana manyoya magumu yaliyosimama kama nungunungu mdogo, na rangi yao hupotea kabisa kwenye nyasi kavu. Wengi hawamalizi mwaka wa kwanza.

## Usalama na sheria

Ni hatari kwa mtu?

Mbuni mwenye kiota au vifaranga ni hatari. Teke lake huenda mbele, si nyuma kama la punda, na ukucha wake umewahi kuua watu. Ndani ya gari huna la kuogopa. Kushuka garini nje ya sehemu zilizotengwa ni kosa, na kosa lenyewe ni dogo kuliko simba usiyemwona aliyelala nyuma ya kichaka.

Naweza kuacha njia kidogo ili nipate picha?

Hapana. Gari likikanyaga nyasi leo, kesho jingine linafuata alama zake, na kishimo cha kiota hakionekani ukiwa nyuma ya usukani. Ndege zisizo na rubani pia haziingizwi bila kibali.

Nimeokota unyoya. Naweza kwenda nao?

Uache hapo hapo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki sehemu ya mnyamapori bila kibali, na unyoya, ganda na yai vyote vimo. "Nimeukuta tu umeanguka" haitakusaidia mbele ya askari. Upige picha.

Na ushanga wa ganda la yai unaouzwa mjini?

Muulize muuzaji malighafi imetoka wapi na kama ana kibali. Kuna mashamba yanayofuga mbuni kwa leseni, yakiwamo ya upande wa Kajiado. Asipoweza kujibu, weka chini. Sanaa yenyewe ni kongwe kupita kiasi: katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, zilipatikana shanga za ganda la mbuni za miaka kama 40,000 iliyopita.

## Maswali ya pembeni

Nilimwona mbuni mwenye shingo ya buluu. Alikuwa mgonjwa?

Ikiwa ulikuwa Samburu, Buffalo Springs au Meru, ulimwona mbuni wa Kisomali, mwenye shingo na mapaja ya kijivu-buluu. Zamani alihesabiwa kuwa aina ndogo ya mbuni wa kawaida. Tangu 2014 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, linamhesabu spishi kamili, tena iliyo katika hali ya kuhatarika. Ikiwa ulikuwa Nairobi, angalia tena picha yako: jike au kijana kwenye mwanga wa jioni hutoa rangi za kudanganya.

Mbuga ina ua. Mbuni wamefungiwa?

Ua uko pande tatu. Kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, pako wazi kuelekea nyika za Kitengela na Athi-Kapiti. Mvua ikinyesha wanyama wengi hutoka kwenda huko, na ukame ukirudi hurejea. Njia hiyo imezidi kubanwa na nyumba, machimbo na ua za mashamba, kwa hiyo idadi unayoiona ndani hutegemea sana yanayotokea nje, kwenye mashamba ya watu.

Tumezunguka asubuhi nzima hatukuona hata mmoja. Tufanye nini?

Kwanza ulizeni askari getini mkitoka. Wao huzunguka kila siku na huwa wanajua. Rudini kiangazi, nyasi zikiwa fupi, mwanze mashariki badala ya msituni. Na kama mna safari ya Namanga au Amboseli karibuni, mpeni mmoja kiti cha dirishani na kazi ya kutazama nyika tu. Mbuni wa kwanza niliyemwona maishani alikuwa huko, akikimbia sambamba na basi letu, na dereva hakupunguza mwendo.